Mlima Utazamwao kwa Mbali: Nyeri, Taifa na Mwanahistoria wa Kesho

1.0 Utangulizi

Mwezi wa Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliviona vilele vyenye theluji vya mlima ambao wenyeji wake waliuita Kiinyaa. Jina hilo, baada ya kupita katika masikio na kalamu ya mgeni, ndilo lililokuja kuwa jina la koloni mwaka 1920 na la jamhuri baadaye. Kwa hiyo taifa la Kenya limepewa jina la mlima mmoja, kwa matamshi ya jirani wa mlima huo, kama yalivyosikiwa na mtu aliyesimama mbali nao. Wagikuyu wa miteremko ya kusini na magharibi, ambao waliuita Kirinyaga, hawakuulizwa.

Makala haya yanalichukua tukio hilo kama kielelezo cha tatizo la kihakiki. Tatizo lenyewe ni hili: mwanahistoria atakayeishi miaka mia moja au mia mbili baada yetu, akitaka kujua taifa lilikuwa nini na eneo lilikuwa nini kwa watu wa Nyeri na miji mingine inayouzunguka mlima, atasoma nini, na atakisomaje? Yeye naye atakuwa akitazama kwa mbali. Aliye mbali huuona mlima kabla ya kuiona miji iliyo chini yake.

Dai letu ni kwamba kazi za fasihi na za kumbukumbu zinazohusu eneo hili hazithibitishi kuwapo kwa utambulisho mmoja wa "Mlima" uliorithiwa mzima kutoka kwa mababu. Zinaonyesha mjadala, na mara nyingi ugomvi, ambao sehemu yake kubwa iliendeshwa kwa maandishi na kuhusu miji na misheni za eneo hili. Tutaanza kwa kulitazama eneo lenyewe, kisha tutachunguza namna mbili za kulisoma ambazo zinaweza kumpotosha mwanahistoria wa kesho, na hatimaye tutapendekeza namna ya tatu.

2.0 Eneo lisilo na mipaka

Msomaji anayefungua ramani ya utawala ya Kenya hataliona eneo liitwalo "Mlima Kenya". Mipaka ya majimbo ilipochorwa upya wakati wa uhuru, mwaka 1963, Nyeri na Kirinyaga zilibaki katika Mkoa wa Kati, ilhali Embu na Meru ziliwekwa katika Mkoa wa Mashariki. Nanyuki, mji ulio karibu kabisa na mlima kwa upande wa kaskazini-magharibi, ulihesabiwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa kwa kuwa umo Laikipia. Hivyo duara moja la miji, yaani Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, liligawanywa katika mikoa mitatu. Katiba ya mwaka 2010 ilipoleta kaunti 47, duara hilohilo likaangukia kaunti sita. Hakuna wakati wowote tangu uhuru ambapo serikali ilichora mstari kuizunguka miji hii na kuiita kitu kimoja.

Hata hivyo, kitu hicho kimesemwa sana. Mwaka 1971 kilipewa chama, Muungano wa Gikuyu, Embu na Meru, maarufu kwa jina la GEMA, ambao ulipigwa marufuku pamoja na vyama vingine vya kikabila mwaka 1980. Katika siasa za karne ya 21 kimeitwa "Mlima" tu, kana kwamba mlima una nia, una kura na una hasira. Magazeti yameandika kwamba Mlima umeamua au umegawanyika. Mwanahistoria wa kesho atakapozisoma kurasa hizo atakutana na nomino inayotenda kama mtu, na kosa lililo rahisi kwake litakuwa kudhani kwamba nomino hiyo ina umri sawa na jiwe lenyewe.

Wanahistoria wa leo wamekwisha kutoa onyo juu ya hilo. Godfrey Muriuki (1974), katika historia yake ya Wagikuyu kabla ya mwaka 1900, alionyesha kwamba jamii hiyo iliundwa na makundi mbalimbali yaliyohama, yakakutana na yakachanganyika. Naye Benedict Anderson (1983) alifundisha kwamba taifa ni jumuiya inayofikiriwa, na kwamba chapa na gazeti vilikuwa nyenzo kuu za kuifikiria. Tunakubaliana na Anderson kwa sehemu. Gazeti la Muigwithania, lililoanza mwaka 1928 chini ya uhariri wa Kenyatta, liliwasaidia kweli wasomaji wa Kigikuyu kujiona kama umma mmoja. Lakini jina lake lina maana ya mpatanishi, na mtu haiti mpatanishi nyumbani kwake pasipo na ugomvi. Gazeti lililokusudiwa kuunganisha lilikiri katika jina lake kwamba wasomaji wake hawakuwa wameungana. Hapo ndipo usomaji wetu unapoanzia.

3.0 Mlima ulioganda

Namna ya kwanza ya kumpotosha mwanahistoria wa kesho ni kuugandisha mlima. Kitabu kinachosimama mbele katika jambo hili ni Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta (1938). Kilitokana na masomo yake ya anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski mjini London, na mwandishi wake alikuwa mzaliwa wa Kiambu, upande wa Nairobi, si wa miteremko ya mlima. Hatusemi hivyo ili kumpunguzia heshima. Kitabu kilikuwa silaha. Kilimjibu mkoloni aliyedai kwamba Mwafrika hana sheria, hana elimu wala haki ya ardhi, na kilimjibu kwa lugha ya chuo chake mwenyewe. Lakini silaha ile ilihitaji jamii iliyokamilika, yenye taratibu zinazooana, inayousimamia mlima kwa ibada moja. Misheni na wasomi wao, masoko, vibarua wa mashamba ya walowezi na wanawake waliobishana na wazee, wote hao wako pembeni au hawamo. Aliyeandika kutoka London aliuona mlima vizuri sana, kwa sababu ile ile ya umbali iliyomfanya Krapf auone.

Kwamba umbali huo una uzao wake tunauona miaka 60 baadaye katika kazi ya Mmarekani Mike Resnick, Kirinyaga (1998). Resnick anafanya waziwazi jambo tunaloliuliza hapa: anaiwazia kesho. Katika karne ya 22, Koriba, msomi aliyeelimishwa ng'ambo, anaiacha Kenya ambayo kwake imekuwa ya Kizungu, na kwenda na wenzake kwenye sayari iliyotengenezwa na kuitwa Kirinyaga. Huko yeye ni mganga na mlinzi wa mila. Anatumia kompyuta kuagiza mvua kwa siri, lakini wanakijiji hawaruhusiwi kujua kusoma. Msichana Kamari, mwenye kiu ya elimu, anazuiwa, na mwisho wake ni kifo cha kujitoa uhai. Hatimaye ndoto ya Koriba inavunjika.

Ni haki kukiri kwamba Resnick hamtukuzi Koriba bila masharti. Kuvunjika kwa ndoto ni hukumu. Hata hivyo hukumu hiyo inasimama juu ya dhana isiyohojiwa, kwamba kuwa Mgikuyu halisi ni kuwa nje ya maandishi, na kwamba kusoma ni kuuacha ugikuyu. Historia ya Nyeri inakanusha dhana hiyo. Misheni ya Waskochi ilianzishwa Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, na Wakatoliki wa Consolata walikuwa wamekwisha kujenga katika eneo hili kabla ya hapo. Kizazi kilichofuata kilijibishana juu ya mila, ndoa, ardhi na tohara kwa barua, daftari, magazeti na vijitabu. Utambulisho ambao Koriba anautaka usio na herufi ulitungwa, kwa sehemu kubwa, kwa herufi. Mwanahistoria wa kesho akimsoma Resnick peke yake ataona watu wawili tu, yaani mwenye mila na mwenye kalamu, na hatajua kwamba Karatina walikuwa mtu mmoja.

4.0 Mlima uliomezwa na taifa

Namna ya pili ya kupotosha inaelekea upande wa pili: eneo linamezwa na taifa hata lisionekane. Mfano wetu ni kesi ya Dedan Kimathi. Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa Oktoba 1956 na akashtakiwa papo hapo Nyeri mwezi uliofuata, mbele ya Jaji Mkuu wa koloni, Kenneth O'Connor, pamoja na washauri watatu Waafrika. Shtaka lilikuwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na akazikwa humo gerezani katika kaburi lisilo na alama.

Kwa miongo kadhaa kumbukumbu za kesi hiyo hazikuwa mikononi mwa umma. Pengo hilo lilijazwa na tamthilia. Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walitoa The Trial of Dedan Kimathi mwaka 1976, baada ya kwenda Karunaini, kijiji alikozaliwa shujaa wao, na kuzungumza na watu waliomjua. Tamthilia haidai kuiga kesi iliyofanyika. Hakimu wake, Shaw Henderson, ni hakimu, mwendesha mashtaka na mshawishi kwa pamoja, na Kimathi anajaribiwa gerezani mara nne, kila mara kwa chambo kipya, naye anakataa. Kijana na msichana wanaoachiwa jukwaa hawatambulishwi kwa eneo wala kabila, bali kwa tabaka na umri wao.

Jambo linalotugusa zaidi sisi wasomaji wa Kiswahili ni jina la tafsiri. Neno lenye maana ya kesi, lililo katika jina la Kiingereza, limeondoka; tafsiri ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1978, inaitwa Mzalendo Kimathi. Mabadiliko haya si madogo. Kesi huacha swali wazi: nani anahukumiwa, na nani ana haki ya kuhukumu? Neno mzalendo linatoa jibu kabla pazia halijafunguliwa. Aidha linamhamisha Kimathi kutoka mahakama ya Nyeri hadi kwenye taifa zima, kwa lugha ya taifa. Kisiasa uhamisho huo ulikuwa tendo la ujasiri, kwani Mau Mau kilibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, na ni mwaka 2007 ndipo sanamu ya Kimathi ilipozinduliwa Nairobi. Kihakiki, hata hivyo, uhamisho huo una gharama. Mji uliogawanyika, ambao wana wake wengine walikuwa msituni na wengine walikuwa walinzi wa serikali, unatoweka nyuma ya shujaa mmoja asiye na majirani.

Mwaka 2017 mwanahistoria Julie MacArthur alichapisha kumbukumbu za kesi yenyewe. Humo, Kimathi anayesema kwa kupitia mkalimani anajitetea kwa hoja za kisheria, na miongoni mwa hoja hizo ni kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Wapo wasomaji watakaoona kwamba hati imeikanusha tamthilia. Tunapinga usomaji huo. Maneno ya mtu aliye mbele ya kitanzi, yaliyotafsiriwa na kuandikwa na mahakama inayotaka kumnyonga, hayana kipaumbele cha moja kwa moja juu ya maneno yaliyotungwa na wasanii baada ya kuwasikiliza wanakijiji wake. Kila andiko linajibu swali lake. Mwanahistoria wa kesho atakosea akichagua moja. Afadhali auliize kila moja liliandikwa mbele ya nani.

Kuna hati ya tatu, nayo ni fupi kuliko zote. Siku moja kabla ya kunyongwa, Kimathi alimwandikia padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Anahangaikia masomo ya mwanawe na hali ya mama yake. Anayetafuta neno la taifa humo hatalipata, wala la Mlima. Atampata baba wa Nyeri anayejua ni nani mjini anayeweza kumwingiza mtoto shuleni. Kwa maoni yetu, hati hiyo ndiyo itakayomsaidia zaidi mtu wa kesho, kwa sababu ndani yake mji unaonekana kabla haujageuzwa kuwa ishara ya kitu kingine.

Mji huo huo una kaburi jingine. Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyefariki Januari 1941, amezikwa Nyeri chini ya jiwe linalojulikana na kutembelewa na wageni wa nchi nyingi. Mgeni ana jiwe Nyeri, na mwenyeji hana alama Kamiti. Tunapokumbuka kwamba mwaka 1969 P. M. Kareithi alikipa kitabu chake cha Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau jina la Kaburi Bila Msalaba, tunaona kwamba lugha ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuliweka suala hilo mezani mapema. Swali la nani anakumbukwa kwa alama na nani anaachwa bila alama lilikuwa swali la kifasihi kabla halijawa la makumbusho.

5.0 Miji inayoandika

Namna ya tatu, tunayoipendekeza, ni kuusoma mlima kupitia miji yake. Mwandishi wa kuanzia ni Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri aliyeendesha kiwanda chake cha uchapaji mjini Karatina. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitoa kijitabu chenye jina la Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Mwaka 1952 alichapisha imani ya Gikuyu na Mumbi kwa Kigikuyu, na mwaka huo huo akakamatwa. Mtu mmoja, ndani ya miaka michache, alimwita msomaji wake Mwafrika na kisha akamwita mwana wa Gikuyu na Mumbi. Je, alibadili utambulisho? Hatudhani hivyo. Alibadili msikilizaji. Eneo na uafrika vilikuwa sauti mbili za kalamu moja, na kila sauti ilichaguliwa kulingana na aliyetarajiwa kuisikia.

Shajara aliyoiandika kizuizini, na kuichapisha mwaka 1983 kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Sehemu ya shajara hiyo inatoka kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Fikra moja ya thamani inajitokeza hapo: maandishi muhimu ya "Mlima" yaliandikwa pwani ya Waswahili na mfungwa aliyetolewa mlimani kwa nguvu. Humo ndani wafungwa hawaonekani kuwa kundi moja. Wanagawanyika juu ya kukiri au kutokiri, juu ya nani mwaminifu na nani msaliti. Shajara inahifadhi yale ambayo nomino "Mlima" huyafuta.

Mwandishi wa pili ni Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Katika tawasifu yake, Unbowed (2006), anasimulia masomo yake katika shule ya misheni ya Mathari wakati wa hali ya hatari, ambako wasichana walifundishwa kuwaona wapiganaji wa msituni kama maadui na kuomba wakamatwe, ilhali msitu wenyewe ulikuwa karibu nao. Hapa hatuna mila upande mmoja na ukoloni upande wa pili. Tuna mtoto mmoja ndani ya ukuta wa shule, mwenye ndugu nje ya ukuta, akiomba kwa Mungu jambo ambalo baadaye atalijutia. Baada ya hapo, katika The Challenge for Africa (2009), Maathai aliyaita makabila mataifa madogo na kutaka dola iyatambue badala ya kujifanya hayapo. Tunauheshimu ujasiri wa pendekezo hilo, lakini tunaona kwamba tawasifu yake inalipa changamoto. Taifa dogo alilolishuhudia Mathari halikuwa dogo wala moja. Lilikuwa na ukuta katikati.

Kuna pingamizi ambalo hatuna budi kulikabili. Mtu anaweza kusema kwamba tunawadai waandishi wawe wa miji wakati wengine wamechagua kwa makusudi kutokuwa na mahali. Kithaka wa Mberia, anayetoka Tharaka, upande wa mashariki wa mlima, aliiweka tamthilia yake Kifo Kisimani (2001) katika nchi ya kubuni iitwayo Butangi, chini ya mtemi Bokono. Hakuna mlima humo, hakuna kabila, hakuna kaunti. Kuna visima, watawala na Mwelusi anayepinga, anayeuawa na ndugu yake mwenyewe. Pingamizi hili ni la haki, nasi tunalipokea kwa sharti moja. Kutokuwa na mahali katika Kifo Kisimani ni uamuzi, na uamuzi una historia. Mwandishi wa Kiswahili anayetoka pembezoni mwa mlima, akiandika katika taifa ambamo jina la mahali huchukuliwa haraka kuwa jina la kabila, analiacha jina ili hoja isikike. Mwanahistoria wa kesho asione ukimya huo kama ukosefu wa eneo. Auone kama ushahidi wa bei ya kulitaja.

Bei hiyo si ya kinadharia. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watu katika makazi yao kwa sababu ya majina ya maeneo na jamii walizohusishwa nazo, wawe walikubaliana na viongozi wa jamii hizo au la. Anayesema "Mlima umeamua" humnyang'anya mchuuzi wa Karatina, mwalimu wa Chuka na mkazi wa Majengo mjini Nyeri haki ya kutoafiki. Mhakiki anayeandika "fasihi ya Mlima Kenya" bila kuuliza ni mji gani, mwaka gani na mbele ya msomaji gani, hutenda jambo hilo hilo kwa kalamu.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba taifa na eneo, kama vinavyojitokeza katika maandishi yahusuyo Nyeri na miji ya mlima, havihusiani kama mzazi na mtoto, wala kama mkubwa na mdogo. Vilitungwa katika miongo ileile, kwa nyenzo zilezile za chapa, tafsiri, mahakama na shule, na mara nyingine kwa mkono uleule. Kitabu kinachougandisha mlima na kitabu kinachouyeyusha katika taifa vina kasoro moja inayofanana: vyote viwili humaliza ugomvi kabla wahusika hawajaumaliza.

Yanayofuata kutokana na hoja hii ni ya kawaida kabisa, na yako ndani ya uwezo wa idara zetu. Vijitabu vya Karatina, ambavyo karatasi yake ni duni na nakala zake ni chache, vikusanywe na vitafsiriwe kwa Kiswahili, maana msomaji wa Mombasa au Kisumu hawezi kubishana na andiko asiloweza kulisoma. Kumbukumbu za kesi ya Nyeri zifundishwe pamoja na Mzalendo Kimathi. Tasnifu za wanafunzi wetu zitaje miji na miaka kabla ya kutaja milima. Mwanahistoria wa kesho atakuja na maswali ambayo hatuwezi kuyakisia. Linalotuhusu sisi ni kuhakikisha kwamba, atakapofika, atazikuta pande zote za mabishano zikiwa bado zinasomeka.